Sanduku la Chini ya Meza

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo, mteja wa aina hii haishi kuja. Kijana anaingia, anayatazama masanduku meusi yaliyopangwa hadi karibu na dari, anasema: "Fundi, nataka mashine ya kueditia." Fundi mgeni wa kazi atamtajia prosesa na bei papo hapo. Fundi mzoefu hataji chochote kwanza. Anauliza: "Unashutia nini, kaka?"

Mteja hudhani ni maongezi tu ya kumkaribisha dukani. Sivyo. Mashine ya kuhariri imeshinda ikikimbizana na kamera tangu siku ya kwanza, na kamera ndiyo iliyo mbele. Kila kompyuta ilipokaribia kuifikia, foleni ilihamia mahali pengine: mara kwenye diski, mara kwenye RAM, mara kwenye kadi ya grafiki. Pesa nyingi zimepotea kwa watu kununua dawa ya foleni ya mwaka juzi.

Kabla ya sanduku kulikuwa na mkasi. Huko Lamu, katika miaka ya 1960, mpigapicha Omar Said Bakor alikuwa akikata picha na kuziunganisha upya, watu wakaonekana mahali ambapo hawajawahi kukaa wala kusimama. Katika studio za mjini, chunusi na makunyanzi viliondolewa kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, juu ya negativu yenyewe. Mkono ukiteleza, negativu imekwenda. Watu wa sinema nao walikuwa na vyombo vyao: Moviola, aliyoitoa Iwan Serrurier huko Marekani mwaka 1924, na baadaye meza za Steenbeck kutoka Hamburg, ambazo juu yake magurudumu ya filamu yalilazwa kama sahani za santuri. Mhariri alikata kwa wembe, akaunganisha kwa gundi au utepe, akaangalia. Kazi ilikuwa nzito, lakini hakuna aliyekaa akisubiri mashine ifikirie.

Kusubiri kulikuja na kompyuta. Mwaka 1971 kampuni ya televisheni ya CBS na watengenezaji wa mikanda Memorex walizaa kwa pamoja mtambo ulioitwa CMX 600. Bei yake ilikuwa kama robo milioni ya dola. Diski zake zilikuwa na ukubwa wa mashine za kufulia nguo, zikapangwa safu, na zote kwa jumla zilibeba kama nusu saa ya picha nyeusi na nyeupe, tena zenye ukungu. Mhariri alichagua kipande kwa kugusa skrini kwa kalamu ya mwanga. Iliuzwa michache sana. Lakini wazo la kuruka kutoka kipande cha kwanza hadi cha hamsini bila kuzungusha mkanda lilikuwa limeshatoka chupani.

Miaka mitatu baadaye Tanzania ilichukua njia yake yenyewe. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jaribio la kuhamishia humo hesabu za nchi lilileta mkanganyiko mkubwa. Mwaka 1974 serikali ikazuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na vifaa vyake pasipo kibali maalumu. Televisheni zilikuwa katika kundi hilohilo la vitu vilivyozuiwa. Visiwani mambo yalikuwa tofauti: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku Bara ikisubiri hadi 1994, vituo vya ITV na CTN vilipoanza kurusha matangazo. Katika miaka hiyohiyo ambayo vijana wa California walikuwa wakifundisha kompyuta kuchora, Dar es Salaam ilihitaji karatasi yenye mhuri ili kuimiliki tu.

Upande wa picha za mnato, mambo yalianzia kwenye hasira ndogo ya mwanafunzi. Mwaka 1987 Thomas Knoll alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, na kompyuta yake ya Macintosh Plus haikuweza kuonyesha rangi ya kijivu. Kila nukta ya kioo chake ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe, basi. Knoll akaandika programu fupi ya kupanga nukta hizo kwa namna ya kulidanganya jicho, lione kijivu kisichokuwapo. Nyumbani kwao baba yake alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, kwa hiyo kijana huyu aliijua kazi ya kuongeza na kupunguza mwanga kwa mikono yake. Mdogo wake John, aliyekuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, akaiona ile programu na kuomba nyongeza moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Februari 1990 kampuni ya Adobe ikaitoa kwa jina la Photoshop. Makumbusho ya Historia ya Kompyuta ya California yalipokuja kuichapisha programu hiyo kwa ajili ya watafiti, ilihesabiwa kuwa na mistari ya msimbo takriban 128,000.

Hapo ndipo swali la kuchagua mashine lilipoanza kuuma. Chukua picha ya kujaza ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kila inchi, kama wachapaji wanavyotaka. Ni pikseli milioni 8.7. Ikigeuzwa kuwa rangi nne za kiwandani inafika karibu MB 35. Macintosh II, mashine ya kifahari ya 1987, iliuzwa ikiwa na MB 1 ya RAM. Akina Knoll walilizunguka tatizo kwa kuifanya programu ijikopeshe nafasi kwenye diski: kile ambacho RAM imeshindwa kubeba kinawekwa kwenye diski, kinachotwa kipande kwa kipande. Ilifanya kazi, ila polepole mno. Msanifu alibonyeza amri ya kulainisha picha, akaenda kunywa chai, akarudi, akaukuta mstari umefika nusu. Kuanzia hapo ushauri wa kwanza kwa mnunuzi ukawa RAM, RAM, na RAM tena, na katika kuhariri picha za mnato ushauri huo haujawahi kuzeeka sana.

Video ilikuwa mlima mwingine kabisa. Fremu moja ya televisheni ya PAL, mfumo wa huku kwetu, ni pikseli 720 kwa 576. Kila pikseli ikichukua baiti tatu, fremu ni zaidi ya MB 1.2, na sekunde moja ina fremu 25. Jumla ni MB 31 kwa sekunde. Diski ya MB 80, ambayo mwaka 1989 mtu angejisifia, ingejaa kabla sekunde ya tatu haijaisha.

Bill Warner na wenzake wa kampuni ya Avid, huko Massachusetts, walilitazama tatizo hilo na kuamua kwamba picha si lazima iwe nzuri. Mtambo wao wa 1989, uliojengwa juu ya Macintosh II, uliibana video hadi ikawa na vitalu vya rangi kama mkeka uliofumwa vibaya. Mhariri aliitumia kuamua tu: kata hapa, weka pale. Akimaliza, alitoka na orodha ya maamuzi yake na kuipeleka kwenye chumba cha mikanda halisi, huko ndiko kazi safi ilikounganishwa. Vifaa vyote kwa pamoja viligharimu makumi ya maelfu ya dola, na bado vilikuwa nafuu kuliko vyumba vilivyotangulia. Machi 1997 Walter Murch alipokea Oscar ya uhariri kwa filamu ya The English Patient, ya kwanza kushinda tuzo hiyo ikiwa imehaririwa kwa kompyuta. Alikuwa ameianza kwa filamu na mkasi, akahamia Avid katikati ya kazi.

Kulikuwa na njia ya mkato, nayo ilitoka Kansas. Mwaka 1990 kampuni ya NewTek ilitoa Video Toaster, kadi ya dola elfu mbili na kitu iliyochomekwa ndani ya Amiga, kompyuta ya nyumbani ambayo mapigo yake yalikuwa yamelinganishwa na televisheni tangu kiwandani. Ilichanganya picha, iliandika majina, ilirusha nyota na mapovu. Vipindi vya mwanzo vya Babylon 5 vilipata vyombo vyake vya angani humo. Bahati mbaya ilijua mfumo wa televisheni wa Marekani peke yake. Huku kwenye PAL kadi ile ilikuwa pambo.

Afrika Mashariki ya miaka hiyo ilihariri kwa deki mbili. Deki ya kushoto inacheza, ya kulia inarekodi, kidole kiko juu ya kitufe cha kusimamisha. Bibi harusi anashuka kwenye gari: achia. Mjomba anaziba kamera kwa mgongo: shika. Kila nakala ilikula sehemu ya picha, na nakala ya nakala ilikuwa na wekundu uliovuja kwenye kingo za khanga kama rangi iliyomwagiwa maji. Makosa hayakuwa na dawa. Aliyegundua kwamba jina la bwana harusi limekosewa dakika ya nne, huku mkanda umeshafika dakika ya tisini, alikuwa na kazi ya kurudia dakika themanini na sita.

Kilichoziua deki kilikuwa waya. Kamera za DV zilianza kuuzwa mwaka 1995. Zilirekodi tarakimu badala ya mawimbi, na waya mwembamba wa FireWire uliweza kuzihamisha tarakimu hizo hadi kwenye kompyuta bila kupoteza hata moja. Video ya DV ilikuwa imebanwa tayari ndani ya kamera hadi MB 3.6 kwa sekunde, mzigo ambao diski ya kawaida iliumudu. Kwa mara ya kwanza picha iliyokuwa kwenye kompyuta ndiyo iliyotoka kwenye kamera, na ndiyo itakayokwenda kwa mteja. Hakuna tena orodha ya kupeleka kwenye chumba cha matajiri.

Mwaka 1999 Apple ilitoa Final Cut Pro kwa dola 999. Msanifu wake mkuu, Randy Ubillos, ndiye aliyekuwa ametengeneza Premiere ya kwanza ya Adobe mwaka 1991. Na mwaka 2003 Murch yuleyule aliihariri Cold Mountain, filamu ya makumi ya mamilioni ya dola iliyopigwa Romania, kwa Final Cut kwenye kompyuta za Power Mac G4. Wengi walimwona amerukwa na akili. Akapendekezwa kwa Oscar tena.

Upande wa Windows, ambako Dar na Nairobi ndiko zilikokuwa, furaha ya DV ilikuja na mitego yake. Saa moja ya DV ni kama GB 13. Harusi ya mikanda sita ni GB 78, wakati diski za kawaida za mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa na GB 10 au pungufu ya 20. Isitoshe, Windows 98 ilipanga diski kwa namna ambayo hairuhusu faili kuzidi GB 4, yaani kama dakika 19 za DV. Hotuba ya mzee wa ukoo ilikatika katikati ya sentensi, bila onyo. Ukiweka video kwenye diski moja na Windows, mashine ingekwenda kushughulikia mambo yake wakati mkanda unaingia, na fremu kadhaa zingeanguka njiani. Baadaye midomo ya shehe au padri ikawa haiendi na sauti. Ndiyo asili ya kanuni ambayo mafundi wanaitaja hadi leo pasipo wengi kujua ilikotoka: diski mbili, moja ya mfumo, moja ya kazi.

Bongo Movie ilizaliwa ndani ya mitego hiyo. Filamu ya Girlfriend ilipotoka mwaka 2003 na kuwaonyesha wafanyabiashara wa Kariakoo kwamba watu watalipia hadithi za Kiswahili, masanduku ya kuhariri yalikuwa tayari chini ya meza za vyumba vya kawaida mjini. Usiku ulikuwa wa kurenda, yaani kuiacha mashine ikokotoe filamu nzima. Mhariri alipanga kila kitu hadi saa nne, akabonyeza, akalala sakafuni pembeni ya mashine ili asikie feni ikibadilisha sauti. Mwaka 2006, mgao wa umeme ulipoibana Tanzania, bei ya kuhariri haikupangwa na prosesa tena. Ilipangwa na UPS na jenereta. Mtu anayeshangaa kwa nini mafundi wa huku huanza kwa kukagua pawa saplai kabla hawajatazama kitu kingine hakuwahi kupoteza saa sita za kurenda saa kumi alfajiri.

Hakuna aliyeonyesha hali hiyo wazi zaidi kuliko Isaac Nabwana wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala. Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Alijifunza kidogo ufundi wa kompyuta, kisha akaanza kuunga mashine zake kwa vipuri vilivyokwishatumika: madabodi ya huku, RAM ya kule, sanduku lisilo na mfuniko. Humo alihariria Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ya mwaka 2010 iliyotengenezwa kwa gharama inayosemekana haikufika dola 200. Risasi, helikopta na majengo yanayolipuka vyote viliwekwa kwenye sanduku hilo. Tangazo la filamu hiyo kwenye YouTube lilitazamwa na watu kote duniani, na mwandaaji mmoja wa filamu akahama New York kwenda kuishi naye Wakaliga.

Lakini faili za asili hazipo. Diski ilikuwa ndogo. Filamu nyingine ilikuwa inasubiri. Nabwana akafuta Captain Alex ili kupata nafasi. Dunia inaitazama leo kutokana na nakala iliyochomwa kwenye DVD. Iliyofuata, Tebaatusasula, ilipotea pale umeme ulipopanda ghafla na kuiua diski. Historia ya kompyuta za kuhariri huandikwa kwa kasi za prosesa, na hilo ni kosa la wanaoiandika wakiwa mahali ambapo umeme haukatiki. Kwa Nabwana, kifaa cha maana kuliko vyote kilikuwa diski ya pili ambayo hakuwa nayo.

Prosesa nazo zilikuwa na mchezo wao. Pentium 4 ilianza mwaka 2000 kwa gigahezi 1.4 na 1.5, na watu wakanunua namba kama wanavyonunua ukubwa wa kioo cha televisheni. Mwaka 2004 Intel ilifika 3.8 na kuiacha ahadi yake ya kufika 4: joto lilikuwa limeshinda feni. Kuanzia 2005 kasi ikagawanywa kwenye viini viwili, baadaye vinne, na kuhariri kulinufaika kuliko kazi nyingine nyingi, maana fremu mia zinaweza kugawiwa wafanyakazi wanne. Ukuta uliobaki ulikuwa Windows ya biti 32. Hata ukiweka RAM ya GB 4, mfumo ulikiri kuiona GB 3 na kidogo. Photoshop ilivuka ukuta huo upande wa Windows mwaka 2008, na upande wa Mac mwaka 2010.

Wakati huo kamera ilikuwa imeshakimbia tena. Septemba 2008 Canon ilitangaza 5D Mark II, kamera ya picha za mnato ambayo, karibu kwa bahati, ilirekodi pia video ya pikseli 1920 kwa 1080 yenye mandhari laini ya nyuma kama sinema. Wapiga harusi wa Nairobi, Dar na Kampala waliipenda kama walivyoipenda watu wa Hollywood. Faili zake zilikuwa kubwa kidogo tu kuliko za DV, ingawa picha ilikuwa kubwa mara tano. Wengi wakasema basi mashine ileile inatosha. Wakaiweka kwenye Premiere, wakabonyeza icheze, picha ikaganda.

Siri ilikuwa kwenye namna ya kubana. DV ilihifadhi kila fremu nzima nzima. H.264 ya Canon ilifanya kama daftari la madeni la mangi: haiandiki upya orodha yote kila siku, inaandika kilichoongezeka tu. Daftari linakuwa jembamba, ndiyo, ila ukitaka kujua jumla ya leo lazima urudi ukurasa wa kwanza uanze kujumlisha. Kila mhariri aliporuka hadi katikati ya kipande, prosesa ilirudi nyuma na kuanza hesabu. Diski ilikuwa imekaa haina kazi. Foleni ilikuwa imehamia kwenye prosesa. Wenye subira waliyageuza mafaili yote kuwa ya aina nzito inayofunguka kwa urahisi, kama ProRes ambayo Apple iliitoa mwaka 2007, na hapo foleni ikarudi kwenye diski.

Mwaka 2010 Adobe iliamua kuipakua sehemu ya mzigo kwenye kadi ya grafiki. Kazi za rangi, kupunguza ukubwa na kuunganisha matabaka zilihamishiwa kwenye kadi za NVIDIA kwa mfumo wa CUDA, na Premiere CS5 ikawa kama gari lililotolewa breki ya mkono. Sharti moja: kadi iwe kwenye orodha rasmi, na orodha hiyo ilikuwa na GeForce moja na Quadro kadhaa za bei mbaya. Haikupita muda watu wakagundua kwamba orodha yenyewe ni faili dogo la maandishi, lililokaa ndani ya folda ya programu bila kufuli. Ulilifungua kwa Notepad, ukaongeza mstari wenye jina la kadi yako ya michezo ya kompyuta, ukahifadhi. Premiere ikiwaka, inakuta jina, inakubali. Kwa mhariri mwenye pesa za kuhesabu, huenda hakuna mstari mmoja wa maandishi uliowahi kumwokolea zaidi. Mtandao wa kasi ndio uliomfikishia habari: nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009.

Miaka iliyofuata bei za vipuri zilianza kuendeshwa na mambo ambayo hayamhusu mhariri hata kidogo. Mafuriko ya Thailandi ya mwaka 2011 yalifunika viwanda vya diski, na diski zikapanda hadi kuzidi mara mbili kwenye masoko mengi. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walifagia kadi za grafiki mwaka 2017, wakarudi tena 2020. Septemba 2022 Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, shehena nzima ya kadi zilizokuwa zimewaka mchana na usiku ilimwagika kwenye soko la mtumba, zikiwa na vumbi lililoganda kwenye feni na bei ya kutamanisha. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa zamu ya RAM, safari hii kwa sababu vituo vya akili unde vilikuwa vinainunua kabla haijafika dukani.

Apple, iliyokuwa kimbilio la wahariri, iliwapoteza wengi kwa mikono yake yenyewe. Final Cut Pro X ya Juni 2011 haikuweza kufungua kazi za Final Cut iliyotangulia. Mwaka 2013 ikaja Mac Pro nyeusi ya duara, nzuri kama chombo cha maua, ambayo ndani yake hakukuwa na nafasi ya kubadilishia kadi. Aprili 2017 wakuu wa kampuni walikiri kwa waandishi wa habari kwamba umbo lile liliwafunga kwenye suala la joto. Mwaka huohuo AMD ilitoa Ryzen ya viini vinane kwa dola 499, chini ya nusu ya bei ya prosesa ya Intel yenye viini sawa, na DaVinci Resolve, mtambo wa rangi uliokuwa ukiuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola kabla ya Blackmagic kuununua mwaka 2009, ulikuwa ukipakuliwa bure. Kwa miaka mitatu hivi, sanduku la kuunga mwenyewe halikuwa na mpinzani.

Kisha Novemba 2020 ikaja Mac mini yenye M1, dola 699, ndogo kama sinia la chai, na ikacheza video ambazo minara ilikuwa inazitolea jasho. Ndani yake kuna sakiti maalumu zenye kazi moja tu, kufungua daftari la mangi. Mafundi wa Kariakoo waliigeuza, wakatafuta skrubu, wakakuta RAM imepachikwa pamoja na chipu yenyewe. Ukinunua ya GB 8 utakufa nayo ya GB 8. Kwa nchi ambako kompyuta huishi kwa kuongezewa RAM kila mwenyewe anapopata pesa, hilo bado halijameng'enyeka.

Sasa mrudie yule kijana dukani. Anaashiria mnara wa HP Z440, mzito, wenye Xeon ya viini sita na nafasi nane za RAM, uliofanya kazi kwenye ofisi ya wahandisi Ulaya mpaka wakauchoka. Anajibu swali: anashutia Sony, rangi za biti 10, 4:2:2, kwa kodeki ya HEVC. Fundi anachomeka flashi yenye video ya aina hiyo na kuifungua kwenye Premiere. Xeon ile haina grafiki ya ndani, na kadi ya Quadro iliyochomekwa humo haina sakiti ya kufungulia aina hiyo ya video. Hata NVIDIA yenyewe iliiweka kwenye kadi za kawaida mwaka 2025 tu, kwa toleo la RTX 50. Feni zinapanda sauti. Picha inaruka fremu, inasimama, inaruka tena.

Fundi anachomoa flashi na kuihamishia kwenye kikompyuta cha ofisi cha mwaka 2021, chembamba kama kamusi, chenye Core i5 ya kizazi cha 11 ambayo grafiki yake ya ndani inalijua daftari la mangi la aina hiyo. Anabonyeza. Video inatembea. Kijana anainama, anachungulia nyuma ya kile kikompyuta kama anayetafuta waya uliofichwa, halafu anauliza ndani yake kuna nafasi ya diski ngapi.